Mzizi Aliotafuna Shangazi

Shangazi alishuka kwenye treni ya Bukama akiwa na beseni la samaki wakavu kichwani na kifurushi kidogo cha kitambaa kifuani, ndani ya libaya, blauzi yake. Beseni alimpa mume wangu abebe. Kifurushi hakumpa mtu.

Nilikuwa bado mke mgeni. Tulikaa kambi ya reli pale Kamina, ambako mume wangu alifanya kazi ya kuunganisha mabehewa. Shangazi, dada yake baba yangu, alikuwa amefiwa na mume huko Mulongo. Hakuwa na mtoto, na ndugu za marehemu walipochukua nyumba, akaja kwetu. Kwa umri angeweza kunizaa, lakini alipocheka njiani watu waligeuka kumtazama.

Haukupita muda nyumba yetu ikabadilika harufu. Alipanda kivumbasi nyuma ya jiko, na kila asubuhi alichemsha majani yake, akanawa mikono na shingo. Kisha alifungua kile kifurushi, akatoa kipande cha mzizi mweusi, akakikata kidogo kwa meno, akatafuna, akatemea viganjani na kusugua. Midomo yake ilichezacheza kama mtu anayesali. Baada ya hapo alijitwika beseni na kwenda sokoni.

Siku moja nilimfuata. Wanawake wengi waliuza samaki wale wale, waliokuja kwa treni ile ile, lakini wanunuzi waliwapita wengine na kwenda kuinama mbele ya beseni lake. Wenzake walikuwa wakinong'ona kwa Kiluba kwamba ana bwanga, yaani dawa ya kugeuza roho ya mtu, hata mtu ambaye hajainywa.

Mimi nilikuwa mtu wa maswali. Masista walionifundisha kushona walikuwa wakiniambia kwamba maswali yangu yatanichelewesha kuolewa. Basi jioni ile, tukichambua sombe, majani ya muhogo, nikamuuliza.

"Shangazi, ile muzizi iko ya nini?"

"Ya kupendwa," akajibu, kama anayesema chumvi ni ya mboga. "Mayani njo ya bantu yote, roho yabo itulie. Muzizi iko ya muntu moya. Unatafuna, unasema jina yake, unasugua mikono. Ule atakufwata."

"Na kama iko na mafua? Kama hasikie harufu?"

"Dawa haipitake mu pua, mwana."

"Inapitaka wapi?"

"Weye unaulizaka kama muzungu wa tribinali, ule wa kuhukumu bantu!" Alicheka mpaka majani yakamtoka mkononi.

Lakini alinieleza. Mzizi alipewa na mama mkwe wake, kule kwenye mabwawa. Huchimbwa asubuhi na mtu ambaye bado hajasema neno, akiwa ameelekea jua linakochomoza. Haurukwi, na mtu akigombana asubuhi, siku ile haufanyi kazi. Hapo nikaelewa kwa nini asubuhi moja mume wangu alipomwaga chai ya moto karibu na miguu yake, shangazi aliruka tu, akafunga mdomo, akatabasamu. Nikamuuliza kama padri anajua. Akasema, "Padri iko na moshi yake ya ubani, minyi niko na mayani yangu. Yote ni Mungu njo alipanda."

Sikujua niamini nini. Nililotamani ni kuuona mzizi ule ukifanya kazi.

Haikuchukua muda kuuona. Palikuwa na fundi wa mashine za treni, ambaye shangazi alimwona na kumjua jina stesheni siku ile aliposhuka, mtu wa Kaniama, mjane kama shangazi, mpole, mwenye mikono isiyotoka mafuta hata siku ya misa. Alinunua samaki. Kesho yake akanunua tena. Halafu akaja nyumbani, akaona mlango wetu unaning'inia, akautengeneza bila kuombwa. Akaanza kupita karibu kila jioni baada ya kazi, akikaa kwenye kigoda na kofia magotini. Shangazi alikuwa akimpa bukari, ule ugali wa kwetu, na samaki, naye alikula polepole, kama asiyetaka sahani iishe. Mwishowe akamwita mume wangu pembeni na kumwambia kwamba anataka kuoa.

Habari ikamfikia dada mkubwa wa fundi. Akaja Jumapili baada ya misa, akasimama katikati ya uwanja wetu, majirani wote wakisikia.

"Ndugu yangu alikuwa muntu wa akili!" akapaza sauti. "Tangu bibi yake wa ndoa alikufa, bamama mingi balimutafuta, alikatala. Sasa kila siku anasema ule mwanamuke wa samaki, ule mwanamuke wa samaki! Weye mama, ulimuweka mayani. Kana, tusikie!"

Nilitazamia shangazi akane. Hakukana. Alikuwa anatwanga; akaweka mchi chini, akapangusa mikono.

"Iko kweli," akasema. "Niko na dawa."

 Yule dada alikuwa amejitayarisha kwa ugomvi, akapewa jibu. Akafunga kitambaa chake upya na kuondoka.

Nilidhani shangazi atacheka. Badala yake aliingia ndani, akakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake umezeeka.

"Ule mama alisema neno ya kweli," akaniambia. "Kama ni muzizi njo inamufanya anipende? Mimi nitakaa na yeye mpaka kufa, na sitajua."

"Basi acha kuutafuna," nikasema. "Tutaona."

"Na kama hatakuya tena?"

Nikamwambia ajaribu tu. Ningesema uongo kama ningesema ni huruma tu iliyonisukuma; nilitaka pia kujua. Asubuhi iliyofuata alinawa kwa maji matupu. Kivumbasi alikikata chote, na mzizi akanipa mimi niufungie kwenye sanduku langu la cherehani.

Jioni ile fundi hakuja. Kesho yake hakuja. Sokoni samaki walibaki kwenye beseni, na nzi waliokuwa wakikimbia harufu ya majani sasa walirudi kwa furaha. Shangazi aliacha kula. Nilianza kujuta kwa ushauri wangu, na kusema kweli nilianza pia kuuogopa ule mzizi. Nilipofungua sanduku kutafuta uzi, niliuhamisha kwa ncha ya mkasi.

Kisha jioni moja, jua likiwa bado juu ya mapaa, fundi akatokea. Alikuwa ametumwa Bukama ghafla kutengeneza mashine, na kijana aliyempa ujumbe atuletee alikuwa amesahau. Alikaa kwenye kigoda chake, akageuza kichwa huku na huku.

"Nyumba imebadilika," akasema. "Ile harufu iko wapi? Kwetu Kaniama mama alikuwa anaweka ile mayani mu nyumba, juu ya kufukuza imbu. Nikiingia hapa, naona ni kama mama iko mu jiko."

Nilimtazama shangazi. Basi majani yalikuwa yamefanya kazi, tena kwa njia ya pua! Lakini shangazi hakunitazama mimi. Aliniomba mzizi, nikauleta, akauweka kwenye kiganja cha yule mwanamume na kumweleza yote.

Fundi akaunusa. Akauma kidogo, akatafuna, akakunja uso.

"Iko uchungu."

"Sana," shangazi akasema.

"Na ulikuwa unasema jina yangu?"

"Nilikuwa nasema."

"Kila asubui?"

"Kila asubui."

Aligeuza ule mzizi kiganjani. 

"Tangu bibi yangu alikufa," akasema, "hakuna muntu alikuwa anasema jina yangu asubui. Ku depo ya treni banasema tu, fundi, kuya hapa."

Shangazi akajifunika uso kwa kitambaa. Mimi nikatoka nje kwenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Waliandikishwa misheni, wakafunga ndoa wakati wa kiangazi. Baadaye fundi alihamishwa Kaniama, nao wakaenda na mzizi wao. Kabla hawajapanda treni nilimuuliza shangazi: ni majani, ni mzizi, ni jina, au ni samaki? Akasema hata yeye hajui, na sasa hataki tena kujua. Mimi nilitaka, na mpaka leo nataka.

Miezi michache baadaye, nikiwa nashona, yule dada mkubwa akaingia uwanjani. Mara hii hakupaza sauti. Alikuwa na binti ambaye wachumba walikuwa wakija na kupotea. Alizungumzia mvua, akazungumzia bei ya unga, kisha akainama karibu na cherehani.

"Mama," akanong'ona, "ule muzizi, weye unajua banauchimbiaka wapi?"

Nilimwambia sijui, na ilikuwa kweli. Lakini nilimvutia kigoda, nikaacha kazi, nikaanza kumwuliza habari za yule binti.