Ndoo ya Kimya na chipsi za Bi Majani

Kitu cha kwanza alichokiona ni upawa.

Saa moja na nusu asubuhi, jiko la duka la chipsi bado la baridi. Msichana wa miaka ishirini na miwili, ambaye wenzake wanamwita Kimya, anaukwangua upawa kwa kisu. Juu yake kumeganda kitu cheupe kama nta ya mshumaa.

"Mafuta ya alizeti ya nyumbani hayagandi hivi, hata siku ya baridi," anasema kwa sauti inayotaka usogee ndipo uisikie. "Nikajiuliza, haya sasa ni ya mmea gani?"

Kimya hukaanga kilo arobaini za viazi kwa siku, na sasa ni mwaka wa tatu. Shule aliiachia darasa la tano, mama yake alipougua. Mpaka leo husoma kwa kufuatisha kidole, baada ya kuhakikisha hakuna anayemtazama.

Siku ile ya upawa aliingia stoo, akakaa juu ya gunia la viazi, akaigeuza ndoo ya mafuta. Mbele ilikuwa na picha ya jani bichi. Nyuma maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Nusu saa ilipita kabla kidole hakijafika kwenye maneno matatu: mafuta ya ng'ombe.

Tangu hapo hakutulia. Akasoma kila pakiti iliyopita mkononi mwake. Unga wa kunyunyizia chipsi, ule wa ladha ya kitunguu, kumbe una mafuta ya kuku. Jibini limegandishwa kwa dawa itokayo tumboni mwa ndama. Zile pipi laini za kaunta zina jelatini, inayochemshwa kutoka kwenye ngozi na mifupa. Yote aliyaandika kwenye daftari.

Dada wa kaunta alimtania kwamba iko siku atasema hata maji yana samaki.

"Chupa bado sijaisoma," Kimya akamjibu.

Lakini kila alichoandika kilimrudisha kwa mtu mmoja. Bi Majani, kama wanavyomwita jikoni, ni mwalimu mstaafu ambaye hajagusa nyama kwa miaka arobaini, tangu baba yake alipomchinja ndama ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimnywesha maziwa kwa chupa. Kila Jumamosi huja kula chipsi. Ndiye mteja pekee anayechungulia jikoni kumsalimu mkaangaji.

Na jikoni waliamini wanamtunza. Koleo la kumpakulia walilipangusa, na soseji walizisogeza mbali na sahani yake. "Kwetu sisi nyama ni kitu cha kutafuna," anaeleza Kimya. "Mafuta nani anayatafuna?"

Alipompelekea bosi habari hiyo, bosi aliendelea kumenya viazi. Si mtu mkali. Alimwambia tu kwamba mteja hajauliza, na anayejibu asiloulizwa huishia kutafuta kazi kwingine.

Jumamosi moja Kimya alivua aproni, akaenda mpaka mezani, akasema. Bi Majani aliirudisha chipsi sahanini, akapangusa vidole kimoja kimoja.

"Umefanya vizuri kuniambia ulipojua tu, mwanangu," mwalimu akasema. "Wengine wangeninyamazia."

Kisha akainuka, akaingia jikoni kuzungumza na bosi. Walichosemezana hakuna aliyekisikia. Wiki iliyofuata lilikuja karai la pili, la mafuta ya alizeti peke yake, lenye upawa wake na kitambaa chake. Ukutani pakabandikwa orodha ya kila kinachotoka kwa mnyama, kwa mwandiko wa Kimya, herufi zimeinama kama zinasukumwa na upepo. Wateja husimama kuisoma. Wengine hurudisha pipi.

Bi Majani amejitolea kumfundisha kila Jumanne jioni, bure, mpaka afanye mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kimya anautaka mtihani huo. Anataka siku moja awe mkaguzi wa vyakula, yule anayeingia majikoni mwa watu na daftari. Hata hivyo, Jumanne mbili zimepita na hajaenda. Kwanza anasema ni uchovu.

Baadaye, akipanga viazi, anauliza kama ni kweli walimu wastaafu hulisoma gazeti hili. Mwandishi anamwambia wengi hulisoma.

"Basi andika hivi," anasema. "Sikumwambia nilipojua. Nilikuwa nimejua Jumamosi tatu kabla. Niliiogopea kazi yangu. Zote tatu nilimkaangia mimi, kwa mafuta yale yale, na kila mara alichungulia dirishani akaniambia asante."