Asubuhi Waldemar Alipokosa Kibuyu

Waldemar Techera amekuwa mnadi wa mifugo kwa miaka thelathini na tisa na hajawahi kutumia kipaza sauti. Pale uwanja wa mnada walimletea kimoja. Akakivisha kofia yake, akaendelea kunadi kwa koo lake mwenyewe. Ng'ombe huwa wanageuka kumtazama.

Ni kaka wa mke wangu, Zulma. Hakuoa. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, ng'ambo ya reli ambayo treni haipiti tena. Ni mtu wa kubisha. Ukimwambia leo kuna baridi, anavua koti. Lakini Zulma alipougua alikuja kila siku na supu, akakaa kitandani pake na kumnadia mito na blanketi kama kondoo, mpaka dada yake akacheka. Hilo silisahau.

Zulma alikufa kwa saratani ya umio, njia ile inayopitisha chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Tulichelewa. Mwaka mzima alikata nyama yake vipande vidogo kama vya mtoto, nami nikadhani ni meno. Nikamwambia aende kwa daktari wa meno. Ndivyo nilivyomwambia.

Miaka miwili baada ya kumzika, mwezi wa saba, baridi kali, tulikuwa uani kwangu na Waldemar tunachoma ubavu wa kondoo. Sisi nyama tunaikata mdomoni. Unauma, unapitisha kisu chini ya pua, unatafuna. Siku hiyo Waldemar aliomba sahani. Akaikata nyama sahanini, vipande vidogo, akashushia kila kimoja kwa maji.

Nikaweka kisu changu chini.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Nyama hiyo."

"Kondoo wako mzee, shemeji. Huyu alisoma na babu yangu."

"Waldemar."

Akatafuna. Akanywa maji.

"Tangu Pasaka," akasema. "Inasita kidogo tu. Halafu inapita."

Sikumtajia Zulma. Hakukuwa na haja. Jumatatu tukaenda zahanati.

Daktari Irureta ni binti wa hapahapa. Waldemar alipoketi tu akaanza.

"Wewe ni wa yule Irureta wa kwenye kilima? Baba yako alinunua fahali kwangu mnadani."

"Fahali tasa," akasema daktari. "Nyumbani bado tunamzungumzia, mzee. Haya, fungua mdomo."

Alimtazama kooni kwa taa, akampapasa shingo. Akamuuliza kuhusu tumbaku. Waldemar akakiri. Akamuuliza na kuhusu kibuyu, maana hapa kila mtu anakunywa yerba, yale majani yetu machungu, kwenye kibuyu kwa mrija wa chuma, tangu asubuhi mpaka jioni.

"Maji yanakuwa moto kiasi gani?"

"Moto wa watu wazima."

Daktari hakucheka. Alisema maji ya namna hiyo huunguza umio kila siku, na miaka ikiwa mingi, na tumbaku juu yake, ngozi ya ndani inaweza kuharibika bila mtu kuhisi kitu. Alitaka kuangalia kwa kamera. Ni mpira mwembamba wenye taa na jicho nchani. Unapitishwa mdomoni mgonjwa akiwa amelazwa usingizi mwepesi.

"Kuanzia usiku usile, usinywe," akasema. "Ukivunja, hatuwezi kukufanyia."

Wote wawili tulimsikia.

Siku ilipofika tulipanda basi la alfajiri kwenda hospitali ya mkoa. Nesi akaja na karatasi.

"Umekula, mzee?"

"Tangu jana mchana sijala."

"Umekunywa?"

"Hata tone."

Nesi akatazama kwapani kwake.

"Na hiyo themosi?"

"Hiyo ya kibuyu."

"Kwa hiyo umekunywa."

"Binti, hunisikii. Nimesema sijanywa. Kibuyu si kunywa. Kibuyu ni kuamka."

"Nani alikupa?"

Waldemar akanitazama. Nami nilikuwa nimekishika kibuyu mkononi, bado kina joto. Tangu kituo cha basi nilikuwa namimina, zamu yake, zamu yangu, zamu yake. Nilimwona ana hofu nikataka kumtuliza. Haikunijia kabisa kwamba yale ni maji.

"Mimi," nikasema.

"Wiki hii ninyi ni wa nne," akasema nesi. Akatupa tarehe nyingine, wiki tatu mbele.

Tukapanda basi la kurudi. Tulipokaribia kwetu Waldemar akasema, "Hiyo ni ishara. Sirudi tena."

"Ishara ya nini?"

"Kwamba nyama itapita yenyewe."

Siku zile tatu za kwanza sikulala vizuri. Zulma naye aliwahi kuahirisha, mara mbili, kwa sababu ya mvua. Wiki tatu zilikuwa nyingi. Na huyu nilikuwa nimempa mimi mwenyewe sababu ya kukataa.

Sikubishana naye. Mchana wa kuamkia ile tarehe mpya nilikwenda kwake na gunia la chakula cha kuku. Nikatia ndani kibuyu chake, mrija, birika, themosi na pakiti mbili za yerba.

"Mwizi," akasema, amekaa.

"Kesho basi la saa kumi na mbili asubuhi."

"Mwizi na mzee. Hata aibu huna. Dada yangu aliolewa na jambazi."

"Alijua."

Nilivitundika kwangu kwenye msumari kilipo bado kibuyu cha Zulma. Asubuhi nilikwenda kumchukua. Mimi pia sikunywa. Nilimkuta jikoni, amevaa koti, mikono mezani. Basi lilikuwa bado. Tukakaa. Kwa kawaida saa ile kibuyu kinazunguka na mtu ana cha kufanya na mikono na mdomo. Tulikaa kama watu waliofika kwenye mazishi mapema.

"Wakiona kitu?" akasema.

"Watakitoa."

"Wakitoa na sauti? Mnadi asiye na koo ni nani?"

"Ni shemeji yangu," nikasema.

Akachezea kifungo cha koti. Akainuka kabla ya basi kupiga honi.

Nesi alikuwa yuleyule. Akatazama makwapa yetu, manne yote, akacheka, akampeleka ndani.

Baadaye daktari wa kamera aliniita anionyeshe picha. Waldemar alikuwa bado anakoroma. Niliona umio wake, mwekundu na laini kama ndani ya shavu. Walikuwa wamenyunyiza dawa inayogeuza ngozi nzima kuwa kahawia, na mahali pagonjwa pakabaki peupe. Palikuwa na doa moja, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Lilikuwa kama yule kondoo mmoja anayeponyoka siku ya kupaka rangi, na kundi zima limeshapakwa.

"Huyo ndiye tuliyekuwa tunamtafuta," nikasema.

"Huyo huyo," akasema daktari.

Kumbe kilichosimamisha nyama ni michubuko ya kuungua tu. Doa lenyewe lilikuwa dogo mno, lisingezuia hata chembe ya mkate. Bila ile michubuko asingekwenda, na doa lingekua kimya kimya.

Walinyofoa kipande kidogo wakakipima. Ilikuwa saratani, lakini haijapita ngozi ya juu ya umio. Wakampiga picha za shingo na kifua kwa ile mashine ya pete unayolala ndani yake. Hazikuonyesha imeenea popote. Akapelekwa Montevideo, mji mkuu, wakalibandua doa kwa mpira uleule, bila kisu shingoni. Siku ya tatu alinipigia simu. Sauti ilikuwa na mikwaruzo.

"Niletee kibuyu changu, jambazi."

Nilimrudishia alipofika nyumbani. Sasa anaacha maji yapoe kwanza. Analalamika kila siku. Anasema ni maji ya kuogeshea mtoto mchanga, na kwamba wanaume wa zamani wangemcheka. Wanaume wa zamani wengi tumewazika. Tumbaku ameacha, au ananidanganya vizuri. Kila miezi sita anarudi kwenye kamera, na mimi nakwenda naye, mikono mitupu.

Mwezi wa kumi alirudi kwenye mnada. Kipaza sauti bado kimevaa kofia. Katikati ya kundi la kwanza na la pili alisimama, akawatazama wote.

"Nani hapa siku hizi anakata nyama sahanini?" akauliza.

Watu wakacheka. Lakini walipokwenda kula, niliona bibi mmoja wa kutoka mtoni amemvuta pembeni, wanazungumza vichwa chini, na Waldemar anamwandikia jina la daktari kwenye karatasi ya bei.

Jumapili iliyopita tulichoma ubavu tena. Nilikuwa nimemtolea sahani, nikairudisha kabatini. Alipofika alichukua nyama yake, akauma, akapitisha kisu chini ya pua, akatafuna. Sahani hakuiulizia.