Wadudu Wangapi?

Kwetu Kilwa malaria huhesabiwa. Sisi wa maabara tukiandika alama mbili za kujumlisha, mgonjwa anatoka akitangaza ana wadudu wawili, na mwenye wanne anasogezewa nafasi kwenye benchi kama mheshimiwa. Asiye na mdudu ananitazama kama nimemdhulumu.

Bibi mmoja alifika kutoka Likawage na mjukuu mgongoni, mtoto anachemka, shingo imelegea. Nikamtoboa mtoto kidole, nikaketi kwenye darubini.

"Bibi, malaria hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Jirani yangu juzi kapata watatu, na ukuta wetu ni mmoja! Hebu tazama vizuri, mwanangu. Macho yako mazima kweli?"

Nikatazama tena, kwa hasira, maana macho hayo ndiyo kazi yangu. Hakuna. Bibi akaanza kukaza kanga ya mgongoni: atanunua dawa ya malaria dukani, arudi zake. Hapo hasira ikaniisha, nikaogopa. Mtoto angerudishwa Likawage na dawa ya ugonjwa asio nao, huku ugonjwa alio nao ukimmaliza. Nilikuwa na maelezo mazuri ya kitaalamu, yote nikayameza.

"Bibi, wa kwenye damu hawapo. Wa kwenye mkojo sijawatafuta."

Akasimama. "Kumbe na huko wanakaa?"

"Wanakaa sana."

Daktari, aliyekuwa chumba cha pili, akaagiza kipimo. Mkojo ukapatikana kwa kubembelezana, nikaangalia, na kweli walikuwa wamejaa.

"Wangapi?" bibi akauliza.

"Hawahesabiki."

Akaligeukia benchi zima. "Si nilisema!" Sijapata kuona mtu akiupokea ugonjwa kwa furaha namna ile. Sindano zikaanza papo hapo, na wodini bibi akawa mtu mkubwa, hakuna aliyemfikia kwa idadi.

Matibabu yalipokwisha walirudi kupima tena. Mjukuu aliingia kwa miguu yake, moja kwa moja mpaka mezani kwangu, anataka kuishika darubini.

"Wamebaki wangapi?"

"Hata mmoja, bibi."

Nikajiandaa kwa ugomvi. Bibi akamvuta mtoto, akamkumbatia.

"Alhamdulillahi," akasema. "Leo nakusadiki."

Akafuta machozi kwa ncha ya kanga, nami nikaiinamia darubini, ambayo haikuwa na kitu.