Mstari Usiokuwemo Utenzini

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujibu "Umo, Bibi" nikiwa nimesoma muhtasari tu wa utenzi wa kale wa Kihindi. Kitabu cha muhtasari huo kilikuwa chembamba, cha Kiingereza, chenye picha za rangi. Nilikiokota kwenye sanduku la vitu vya bure nje ya nyumba moja Mount Druitt, magharibi ya Sydney, nikakimaliza ndani ya treni kabla sijafika Westmead. Mimi ni mtu wa kurudi mlangoni kuhakikisha nimefunga, kisha nikarudi tena kuhakikisha kwamba nilihakikisha. Siku hiyo sikuhakikisha chochote. Nilijibu kama mjinga yeyote wa kwenye simu.

Aliyeniuliza alikuwa bibi wa Kibaniani, mzaliwa wa Tanga kama mimi, aliyeletwa Sydney na mwanawe wa pekee. Mimi nilikuwa mwanafunzi, na kazi iliyonilisha ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuwapangia dawa. Siku niliyofika kwake mara ya kwanza, nimevaa barakoa na ngao ya plastiki usoni, alinitazama juu mpaka chini akasema kwa Kiswahili, "Wewe umekuja kuniogesha au kuchomelea geti?" Nikajua nimepata mtu wa kwetu.

Ulikuwa mwaka wa pili wa korona, serikali ilipoifunga mitaa yetu ya magharibi kwa ukali ambao watu wa ufukweni hawakuuona. Hata hivyo kutoka kunyoosha viungo karibu na nyumbani kuliruhusiwa. Bibi alikuwa na desturi ya kukizunguka kibustani kilicho mkabala na fleti yao kila asubuhi, na daktari alishamwonya kwamba miguu ile isipotembezwa itagoma. Mwanawe akamkataza. Angetaja virusi ningemheshimu, maana sote tulikuwa na hofu. Yeye alitaja dini. Alimkumbusha hadithi ya mke wa mwana wa mfalme kule porini: shemeji yake alichora mstari kuzunguka kibanda, akamwambia asiuvuke, akauvuka, akanyakuliwa na mfalme wa majitu.

"Imeandikwa," alisema. "Mwanamke alivuka mstari, ikawa vita."

Bibi akanigeukia. "Wewe mwanangu kutwa unasomasoma. Ati kweli, mstari huo umo kwenye utenzi wenyewe wa kale?"

"Umo, Bibi."

Alivua raba zake, akazisukuma chini ya kochi kwa mkongojo. Zilikaa huko wiki nyingi.

Yule mwanaume namdharau mpaka leo, wala sioni haya kulisema. Alifanyia kazi ya ofisi sebuleni, na kila asubuhi, kabla hajapiga mswaki, alisambaza ujumbe: watu wa kale wa kwao walikuwa na ndege, walikuwa na chanjo, walikuwa na simu. Kila kilichovumbuliwa na mtu mwingine kilikuwa tayari kimo katika tenzi zao, ukurasa usiotajwa. Nilipomuuliza sura gani, alijibu, "Kila mtu anajua." Hiyo ndiyo ilikuwa rejea yake: kila mtu. Na pembeni ya televisheni yake, kwenye kabati la kioo, ulikaa utenzi mzima kwa Kiingereza, juzuu zote, ungali ndani ya nailoni ya dukani. Alizifukizia udi kila jioni. Kuzifungua hakuwahi.

Lakini mimi nilikuwa na ubora gani? Nilipokuwa chuoni Tanga, kabla sijabalehe, mwalimu wetu wa Kurani hakukubali mtu amsimulie habari yoyote ya Mtume bila kumkatiza. "Kasimulia nani? Naye kapokea kwa nani?" Ukishindwa kutaja, alikwambia rudi barazani ukapige soga na wenzio. Nilikua na swali hilo kama meno yangu. Halafu nilipofika kwenye kitabu cha watu wengine niliona kitabu cha picha kinatosha. Hiyo si haraka, ni dharau, na ni chafu kuliko ya mwenye nailoni.

Swali la mwalimu lilinirudia bafuni. Bibi, aliyekuwa akiingia mwenyewe huku akinitania, alishika ukuta kwa mikono miwili na kusema taratibu, "Nishike, magoti yananidanganya." Nikamshika. Wiki zile za kukaa ndani zilikuwa zimemla miguu, na nilijua neno langu lina mkono katika hilo.

Alipotoka kuoga nilimwomba ruhusa ya kuchana nailoni. "Chana," akasema, "huenda ndani wameweka samosa."

Nilisoma kila alipojilaza baada ya chakula cha mchana. Sehemu ya porini niliipitia mbele na nyuma, nikiogopa kuruka mstari wa kuandika nikakosa mstari wa kuchorwa. Mdogo wa mwana wa mfalme anasikia ukelele wa kuomba msaada, anakataa kuondoka kibandani, mke wa kaka yake anamtukana, anaondoka kwa uchungu, akiwaomba miungu wa msituni wamlinde yule mama. Basi. Hachori kitu. Nikatafuta mtandaoni tafsiri nyingine, ya miswada mingine: hakuna. Mstari ulikuja karne nyingi baadaye, kwa washairi walioutunga upya utenzi huo katika lugha za watu wao. Hata kindi wa hadithi hiyohiyo, aliyesaidia kujenga daraja la kwenda kumwokoa yule mke, ambaye Bibi alimpenda kuliko mashujaa wote, hayumo.

Nilimsomea Bibi sura hiyo kwa Kiswahili, mwanawe akiwa mezani na kompyuta yake.

"Haumo," nikasema. "Nilikosea."

Mwanawe akavua miwani. "Muislamu anayemwogesha mama yangu ndiye atanifundisha utenzi wetu?"

"Kitabu ni chako. Nionyeshe."

Alichukua juzuu nisiyomtajia, akapekua kama mtu anayetafuta funguo mfukoni mwa mwenzake. "Basi waliuondoa. Wazungu hawa."

"Mfasiri ni wa kwenu. Jina liko juu ya jalada."

Alisoma jalada. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alisoma chochote katika kitabu kile.

"Nyamazeni," akasema Bibi. "Mstari huo alinisimulia mama yangu, nami nitausimulia mpaka nife. Lakini mama alikuwa akiusimulia huku anavaa viatu kwenda sokoni. Mwanangu, nitolee raba zangu."

Tuliinama wote wawili. Mimi nilizifikia kwanza.

Tulipokuwa tunavuka barabara nilijikakamua nikamwambia na habari ya kindi, maana nisingelala. Alisimama akanitazama kama siku ile ya ngao ya plastiki. "Kindi," akasema, "mwache."

Tangu hapo sisemi "umo" wala "haumo" kabla sijasoma sura nzima katika tafsiri mbili. Mwanawe bado anasambaza ndege zake, ila hamkatazi tena mama yake kutoka. Bibi hutoka kila asubuhi. Zamani alikizunguka kibustani chote. Siku hizi huishia benchi la kwanza.