Nilivyomnyamazia Fundi Masanja

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, msimu ule miti ya miyombo inapochipua majani mekundu kabla mvua haijafika, niliposimama mbele ya Landrova ya babu nikijua jambo ambalo fundi hakulijua, na nikanyamaza.

Nakuandikia haya hujazaliwa bado. Niko kidato cha tatu, sijui utakuwa nani, wala baba yako simjui (mama akiuona mstari huu nitakuwa na kazi ya kujieleza). Lakini najijua. Nikingoja mpaka niote mvi ndipo nikupe nasaha, nitakuwa nimeshaitengeneza hadithi hii mpaka mimi ndiye mwema ndani yake. Acha niiandike ingali inaniuma.

Babu, baba yake mama, anaishi Itetemia, hapa Tabora, nyumba ya pili kutoka kwetu. Maisha yake yote alikuwa dereva. Alibeba asali na tumbaku za watu kutoka Sikonge, na alipostaafu akabaki na Landrova moja ya petroli, yenye umri mkubwa kuliko mama. Mimi nina jina la mama yake mzazi, Kalunde, kwa hiyo tangu utoto wangu ananiita Mama, na nikiitika watu wageni wanacheka.

Sasa ili unielewe, lazima ujue kidogo habari za gari la zamani. Ndani ya distribyuta yake, kile kikombe kinachogawa umeme wa injini, mna vijipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, kugusana na kuachana, na kila vikiachana cheche inaruka kwenye plagi. Mafundi wanaviita pointi. Vikiachana, nafasi kati yake ni kama unene wa ukucha. Ikiwa finyu, gari linakohoa. Ikizidi, linakosa nguvu mlimani. Na pointi zinalika, kwa hiyo kila baada ya muda unazisugua kwa msasa laini, unazipima upya, unakaza skrubu, unamwomba Mungu.

Babu alikuwa akizipima kwa jicho tu. Lakini jicho likaingia ukungu kwa vitu vidogo vya karibu, ingawa barabara aliiona bado, na mkono ukaanza kutetemeka. Basi kwa miaka miwili kazi hiyo niliifanya mimi, kila Jumamosi ya pili. Babu anamulika tochi, mimi nashika bisibisi. Alikuwa na sheria moja tu ya kazi: mshika tochi hasemi. Anayesema ni mwenye bisibisi.

Mwanangu, hujui sheria ile ilinifaa namna gani. Shuleni mimi ni yule ambaye mwalimu akiuliza swali, anatazama vidole vyake vya miguu. Hata shikamoo yangu watu huniomba niirudie. Lakini kichwa kikiwa chini ya boneti, na babu hawezi kunikatiza kwa sheria yake mwenyewe, nilikuwa nasema. Nilisema habari za darasani, za rafiki aliyenihama, za ndoto zangu. Babu anamulika, anaguna. Ndiyo Jumamosi zangu zilivyokuwa.

Huko Sikonge babu ana dada yake, Bibi Nyanzala, ndugu pekee aliyebaki kati ya saba. Hawezi kuinuka kitandani. Kila wiki babu anakwenda kumwona, anakaa naye, wanasemezana Kinyamwezi cha zamani ambacho sisi hatukielewi, anarudi. Siku moja gari likamzimikia katikati ya msitu. Pointi zilikuwa zimejibana, jambo la kurekebisha kwa dakika kumi, lakini babu hakuweza kuziona. Alikaa pale na chupa ya maji mpaka jioni, lilipopita lori la tumbaku likamvuta.

Mjomba, mwanawe wa kwanza, alikuja kutoka mjini akazungumza naye kwa heshima, lakini alizungumza. Alisema gari litafutiwe kile kifaa cha kielektroniki kinachokaa mahali pa pointi, au funguo ziwekwe chini na gari litafutiwe mnunuzi. Babu akamjibu kwamba wazee wetu walibeba mizigo kutoka hapa Tabora hadi pwani kwa miguu, iweje yeye ashindwe na Sikonge.

"Walikwenda wengi pamoja, baba," mjomba akasema. "Wewe unakwenda peke yako."

Babu akakubali. Kifaa kikaagizwa.

Kilifika kwenye kiboksi kidogo: pete yenye sumaku, na kitu cheusi cha plastiki chenye nyaya mbili. Hakuna kinachogusana. Hakuna cha kusugua, hakuna cha kupima. Ukishakifunga, unakisahau. Mama alifurahi, mjomba alifurahi, babu alikigeuza mkononi akasema dunia ina watu wenye akili. Mimi nilikitazama kile kiboksi nikaona Jumamosi zangu zote zimo humo, zimefungwa kwa karatasi ya nailoni. Sikumwambia mtu.

Fundi Masanja ndiye aliyeitwa. Ni kijana bado, anaijua kazi yake, lakini amekulia kwenye magari ya Kijapani, na mdomo wake haupoi. Alipoona nimeshika bisibisi akacheka.

"Dada Kalunde, leo tunakustaafisha. Leta hiyo, shika tochi."

Nikampa, nikashika tochi. Najua alikuwa anatania tu, ila utani huwa haumuulizi mtu ameamkaje. Babu alisimama nasi kidogo, kisha gari la mjomba likasikika barabarani. Akanitazama, akatazama injini, akaenda getini kumpokea mwanawe.

Siku ya kwanza kabisa aliyonifunza, babu alinishika kidole akakigusisha kwenye nyaya za betri. Zote mbili zina mpira mweusi, huwezi kuzitofautisha kwa rangi. Akaniambia magari yote unayoyaona mjini, hasi ya betri imefungwa kwenye bodi. Hili letu ni la kale, walilifunga kinyume: chanya ndiyo iliyo kwenye bodi. Sahau lolote lakini usisahau hilo. Kwa pointi haikuwa na neno, chuma hakijali. Lakini kitu cha kielektroniki kinajali sana.

Masanja alikuwa ameshatoa pointi, anaingiza ile pete. Akauliza bila kuinua kichwa, "Hili nalo hasi iko bodi, siyo?"

Mwanangu, jibu lilikuwa kinywani. Lilikuwa neno moja. Nikatazama tochi. Nikajiambia mshika tochi hasemi. Nikajiambia yeye ndiye fundi, mimi mtoto wa shule tu. Nikajiambia heri kujikwaa dole kuliko ulimi. Angalia jinsi mtu anavyoweza kuwa na methali nyingi anapotaka kufanya ubaya.

Masanja akapokea kimya changu kama ndiyo. Akaunganisha, akawasha.

Haikulipuka wala nini. Kulikuwa na harufu tu, kama ya plastiki ya mfuko ikiungua jikoni, na uzi mwembamba wa moshi. Basi. Gari halikuwaka.

Mjomba na babu wakaja. Mjomba akanusa, akatikisa kichwa, akasema kitu kimetoka mbali kote huko na gari limekikataa. Masanja alifuata nyaya kwa vidole mpaka kwenye betri, akafuta uchafu, akaiona alama ya kujumlisha upande uliofungwa kwenye bodi. Kisha akanitazama mara moja, akageuka.

"Ni kosa langu, mzee," akamwambia babu. "Sikuangalia betri."

Hakusema kwamba aliuliza. Ningependa angesema, ingekuwa rahisi kwangu.

Mjomba hakumgombeza. Akasema kwa upole kwamba labda ndiyo basi, gari limechoka na mwenyewe amechoka, akafungua kiganja mbele ya babu. Babu akaingiza mkono mfukoni. Nikaziona funguo zinatoka, na akilini nikamwona Bibi Nyanzala amelala amegeukia mlango.

"Aliniuliza," nikasema.

Mjomba akaniambia nirudie, hakusikia. Nikarudia. Nikasema fundi aliniuliza kama hasi iko bodi, nami nilijua siyo, nikanyamaza. Gari halina kosa, na Masanja hana kosa. Baada ya hapo nikakaa chini kwenye vumbi.

Hakuna aliyenipiga. Mjomba na Masanja walisogea pembeni, na babu akaketi kwenye bampa. Akaniuliza kwa nini. Nikampa ile sheria yake, kwamba mshika tochi hasemi.

"Mama," akasema taratibu, "sheria ile niliiweka ili mwenye bisibisi asikie chuma kinasema nini. Sikuiweka ili umtazame mtu anaingia shimoni." Akaelekeza kidole kwenye injini. "Unajua kwa nini niliondoka pale? Kwa sababu wewe ulikuwepo."

Neno hilo, mwanangu, limenikaa kuliko fimbo. Hapo ndipo nikamwambia ukweli wenyewe, kwamba niliogopa kifaa kikifungwa sitakuwa na kazi kwake tena, wala Jumamosi, wala wa kusema naye. Babu alinitazama na macho yake yale ya ukungu.

"Kwa hiyo ulitaka niendelee kuhitaji macho yako, ili wewe upate wa kuzungumza naye."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Ndivyo ilivyokuwa.

Siku ile ile nilizirudisha zile pointi. Masanja ndiye aliyemulika, naye hakuweza kunyamaza hata dakika moja. Nilimwomba radhi tukiwa wote tumeinama, maana usoni nisingeweza. Akasema yeye aliuliza mtu akapewa kimya, na kosa lake ni kukipokea kama jibu. Siku nyingine atauliza betri yenyewe. Mjomba akamwachia babu funguo, kwa sharti kwamba mpaka kipatikane kifaa kingine asiende Sikonge bila mimi. Wiki zile zote safari ikawa Jumamosi. Mara moja gari lilianza kukohoa kule msituni, nikashuka, nikazipima, tukaendelea.

Kifaa cha pili nilikiagiza mimi. Mjomba alinipa simu niongee na muuzaji, mtu nisiyemjua, na nikatamka kwa sauti ya kusikika kwamba gari ni la kale, chanya iko bodi, nipatiwe cha aina hiyo. Kilipofika nilikifunga mwenyewe, Masanja akiangalia na mikono yake nyuma. Gari likawaka mara ya kwanza tu lilipowashwa, likatulia, likanguruma sawasawa kuliko nilivyowahi kulisikia.

Jumatano iliyofuata, nikiwa darasani, babu alikwenda Sikonge peke yake. Alifika, akanywa chai na dada yake, akarudi jua likiwa bado juu. Mama anasema alipoingia uani alipiga honi bila sababu.

Na Jumamosi nilikwenda kwake kwa mazoea. Nikafungua boneti, nikatazama, nikaifunga. Hapakuwa na cha kufanya. Babu akauliza kutoka mlangoni kuna nini. Nikasema hakuna.

"Basi njoo ukae," akasema, "uniambie hilo hakuna."

Nikakaa. Mwanzo ilikuwa vigumu, mikono haikujua pa kukaa, kisha maneno yakaja.

Mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii, na nimeilipia. Watu watakusifu kwa upole wako, maana huenda ukanirithi. Watasema mtoto huyu hana maneno. Usiwaamini wote. Kuna kimya cha adabu, na kuna kimya cha anayejua na anataka mwenziwe aumie, na kwa nje vimevaa nguo moja. Ni wewe tu unayejua umevaa kipi. Ukijua jambo litakalomwokoa mtu, liseme, hata kama sauti itatoka ndogo, hata kama utaambiwa urudie mara mbili. Na ukimpenda mtu usimfiche dawa ili aendelee kukuhitaji. Mwenye kupendwa hahitaji tundu kwenye shati la mwenziwe ili apate la kushona. Na ukikosa, sema umekosa kabla asiyekosa hajaubeba mzigo wako.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kweli na mzito wa kuumiza. Akupe mtu mmoja walau wa kukuambia ukae naye bila kazi. Barabara zako zote zifike, na wanaokungoja wakukute ukiwa mzima. Amina, mwanangu.