Shamba Lililotuma Ujumbe

Tulikuwa sokoni Babati, mimi na mama, ujumbe ulipoingia kwenye simu yake: "Udongo umekauka. Mwagilia." Ulitoka kwenye kifaa nilichokuwa nimekichomeka bustanini kwake Sigino, katikati ya vitunguu, kipime unyevu na kututaarifu popote tulipo. Mama alikasirika. Nani huyu anayemwamrisha mtu mzima bila hata shikamoo? Nikamwambia hakuna mtu, ni shamba lenyewe. Akabeba kapu lake, tukarudi Sigino. Tulipofika alizamisha kidole kwenye tuta, kama alivyofanya miaka yote, kikatoka na vumbi tupu. Mimi niliyekifunga kile kifaa ndiye niliyeduwaa zaidi kuona kimesema kweli. Mama aliinama, akalisemesha tuta kwa sauti ya chini: "Pole. Kumbe ni wewe uliyekuwa unaniita."