Transfoma ya Mbishi

Ukitaka kugombana na Mbishi, msalimie akiwa anasuka koili. Atakunyooshea kiganja bila kukutazama, midomo ikihesabu mizunguko ya waya, mia tatu na nane, mia tatu na tisa, na ole wako umpotezee hesabu. Karakana nzima inamjua. Miaka kumi na tisa anasuka upya mota zilizoungua, za pampu na za mashine za kusaga. Siku ya kwanza alipofika pale, wanaume walimkabidhi ufagio. Akaupokea, akafagia pale tu alipotaka kukaa, akaegemeza ufagio ukutani, akaomba mota. Jina likamganda tangu hapo.

Sasa huyu Mbishi anaishi na baba yake, mzee aliyepofuka miaka kumi na moja iliyopita, na mzee ana redio. Si vijiredio hivi vya kutia mfukoni, la! Ni sanduku la mbao la kubebwa na watu wawili, ndani lina vitaa vya kioo ambavyo mafundi huviita valvu, na halitoi neno mpaka lipate moto. Pembeni mwa kitufe cha stesheni mzee alikwangua alama kwa msumari. Alama moja ni habari, mbili ni muziki, tatu ni mpira. Kutwa nzima yuko na watu: anabishana na watangazaji, anawatukana marefa. Ubishi wa binti yake haukutoka mbali.

Kisha wenye umeme wakaja kupachika transfoma mpya kwenye nguzo, nyuma kabisa ya ukuta wao. Balbu zikaanza kuungua kila wiki. Valvu ya redio ikaungua, Mbishi akabadilisha. Ikaungua tena, akabadilisha. Akachukua mita yake akapima kwenye soketi: volti mia mbili hamsini na sita. Nyuma ya redio pameandikwa mia mbili ishirini, wala si kwa maandishi madogo. Ilipoungua ya tatu, ikabaki valvu moja tu, ameifunga kwenye soksi kabatini, na aina ile haitengenezwi tena. Akaichomoa redio, akaapa haitawashwa mpaka apate dawa ya umeme ule.

Akaenda ofisini kwa wenye umeme.

"Umeme wenu uko sawa, dada," akasema yule wa dirishani. "Nunua redio mpya."

"Umepima?"

"Kwenye kompyuta hapa unaonyesha uko sawa."

"Hiyo kompyuta yako inalala kwangu?"

Akapewa fomu ya malalamiko. Akaijaza ukurasa wote wa mbele, wakaiweka juu ya fomu nyingine zenye vumbi.

Redio mpya aliileta kaka yake mkubwa, mtu mwema lakini mwenye haraka na kila kitu. Ilikuwa nyembamba, laini, vitufe vyote sawasawa na kila kimoja kina kazi nne. Mzee akaipapasa. Akabonyeza hapa, ikanyamaza. Akabonyeza pale, ikalia kengele. Akaiweka mezani taratibu.

"Basi, wanangu," akasema, "nimepofuka mara ya pili."

Tangu siku ile akawa anakaa ameelekea ukuta. Chakula anakigusa, anakiacha. Wiki tatu!

"Atazoea," kaka akasema. "Lile dude tulitupe."

"Ukilitupa, nitupe na mimi."

Jumapili asubuhi akaleta nyumbani transfoma ndogo ya amplifaya iliyokufa, akasuka upya waya wa upande wa pili, mnene, akihesabu kwa sauti. Akaifunga kwenye kisanduku cha mbao, akaweka na fyuzi. Mzee akageuza kichwa kutoka ukutani.

"Unafanya nini, mama?"

"Umeme unaingia umezidi nguvu, baba. Haka kanatoa volti thelathini na mbili, nazigeuza zisukume kinyume. Ule uliozidi unakatwa, redio inapata chakula chake kilekile cha zamani."

"Na ukikosea kugeuza?"

"Zinasukuma mbele. Hapo tunazika valvu."

Ndiyo maana hakuanza na redio. Alianza na balbu. Akaunganisha, akawasha, balbu ikawaka nyeupe pe, mpaka kaka akafumba macho.

"Hongera, fundi!" akapiga makofi. "Umeongeza!"

Mbishi, tusidanganyane, aliogopa. Akazima, akachomoa waya mbili za kisanduku, akazibadilisha nafasi. Akawasha. Balbu ikatulia, njano. Akapima: mia mbili ishirini na nne. Kaka akaacha makofi.

Akaitoa valvu kwenye soksi, akaichomeka, akaiunganisha redio. Mzee akaweka kiganja juu ya mbao akingoja joto. Nusu dakika ikapita. Kikasikika kikwaruzo, halafu mtangazaji katikati ya sentensi.

"Muongo huyo!" mzee akamkemea mtangazaji, na machozi yanamtiririka. "Endelea, muongo wewe!"

Siku ya tisa tangu redio iwake ndipo akaja afisa wa umeme na ile fomu mkononi. Akamwamkia mzee vizuri, kisha akaona kisanduku.

"Hiki nini? Mnachezea umeme? Hakijaidhinishwa. Ondoa."

"Kiko upande wa ndani wa mita yenu ya kuhesabia umeme, bwana. Hakiibi chochote. Hebu pima soketi kwanza."

Akapima. Mia mbili hamsini na saba. Akakohoa, akapima tena, kana kwamba volti zingeona haya zikapungua.

"Hata hivyo, agizo ni uondoe."

"Naondoa sasa hivi," Mbishi akasema, akamsogezea kiti na kugeuza ile fomu upande wa nyuma. "Ila andika hapa: nimepima, nimekuta mia mbili hamsini na saba, na nimemwagiza mwenye nyumba aondoe kinga yake. Weka jina na saini."

Afisa akatoa kalamu. Akaitazama fomu. Akaitazama mita yake mwenyewe. Kalamu ikabaki hewani.

Mzee akapunguza sauti ya redio, vidole vikiwa kwenye alama ya pili.

"Andika, mwanangu, usiogope," akasema. "Tena andika kwa herufi kubwa, mimi sioni."